Chungu, Tofali na Neno la Matanga

Biharamulo,
11 Februari 2024

Mdogo wangu Deodata,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima. Anneth ameingia darasa la sita, na sasa ananisahihisha Kiswahili mezani kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa. Mke wangu Aline yupo, anasalimia. Mvua zinasuasua, mahindi yamekunja majani. Baba anaendeleaje? Mkono wa kulia umeanza kushika kitu, au bado?

Utashangaa kupata barua zama hizi. Nifanyeje? Umenifungia namba yangu tangu tulipomaliza matanga ya mama mwezi wa kumi, kila nikipiga inakata. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini najua utaisoma kwanza, maana wewe tangu utoto huwezi kuipita karatasi yenye maandishi, hata ile ya kufungia maandazi. Nimempa Bukuru, konda wa gari la Ngara, nikamwambia aiweke mkononi mwako wewe mwenyewe.

Neno lenyewe ni la kazi. Hapa karakana tumeanza kufyatua matofali mepesi ya kujengea majiko kwa ndani, yale ya kuzuia joto lisitoroke. Tunachanganya udongo na pumba za mpunga. Tanuruni pumba zinaungua, panabaki matundu, tofali linakuwa jepesi na joto linapita kwa shida. Mimi nikataka liwe jepesi kuliko yote, nikazidisha pumba. Likatoka zuri kweli, unalinyanyua kwa vidole viwili. Nilipoliweka chini likamwagika. Sisemi lilivunjika, Deodata, lilimwagika kama unga. Mama alituachia udongo sote wawili, lakini mkono wake alikuachia wewe. Nieleze nakosea wapi.

Mambo ya kikao tuyaache kwanza.

Ni mimi kaka yako,
Erasmus


Kirushya,
6 Machi 2024

Kaka Erasmus, shikamoo.

Huku tupo. Migomba inazaa, maharage yamekubali, mbuzi wa baba mdogo Matiasi amekula nusu ya mboga zangu na baba mdogo amesema ni bahati mbaya. Mwambie Anneth nampongeza, azidi kukusahihisha, una mengi.

Baba mkono haushiki. Mguu haukanyagi. Ulimi umebakiza maneno mawili, "hapana" na "njoo", na yote mawili ananiambia mimi. Asubuhi namgeuza, namwosha, namlisha uji. Mchana namtoa nje, jua likizidi namrudisha ndani. Nikienda kisimani lazima niite mtu wa kukaa naye, na watu wamechoka kuitwa. Tangu matanga sijafika hata mnadani.

Barua yako nimeisoma. Ulijua nitaisoma, basi usijisifu.

Tofali lako lina pumba nyingi mno, hilo hata wewe unalijua. Lakini usidhani ni suala la wingi tu. Tofali linasimama kwa sababu udongo umeshikana na udongo kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Kila unapoongeza pumba unaikata mikono hiyo, mmoja mmoja, na tofali linavumilia, huoni tofauti. Halafu unaongeza konzi moja ya mwisho na mikono iliyobaki haikutani tena. Udongo bado upo mwingi humo ndani, ila kila kipande kinaning'inia peke yake, hakibebi kitu.

Mimi kwenye vyungu vyangu vya kuchujia maji natafuta kinyume chako. Nataka matundu ndiyo yashikane. Tundu lililo peke yake halipitishi maji, hata yakiwa elfu. Ukiweka pumba kidogo, chungu kinakaa na maji yake kama sufuria. Ukizidisha, kinapasuka mikononi. Kazi yote aliyonifundisha mama ni kupapata pale ambapo matundu yameshikana na udongo nao bado umeshikana, vyote viwili ndani ya chungu kimoja. Mahali hapo papo, ila ni pembamba.

Sasa, umesema mambo ya kikao tuyaache. Wewe unaweza kuyaacha, mimi naishi ndani yake. Ulisimama mbele ya wazee, wewe mtoto wa kwanza, ukasema: "Deodata hana mume, hana mtoto, yeye ndiye wa kubaki na baba." Hukuniuliza. Kibuyu cha pombe ya ndizi kikazunguka, baba mdogo Matiasi akanywa, wote wakanywa, nikaletewa na mimi nikanywa huku nalia, na watu wakadhani namlilia mama. Unaijua desturi yetu. Neno lililonywewa kwenye matanga haliondolewi na yule aliyefungwa nalo. Sharti wale wale wakae tena, na yule yule aliyelisema aliseme upya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kaka, na hili kanda mimi nalibeba mgongoni kila asubuhi.

Ernesta, mwenzangu wa ufinyanzi, bado ananishikia nafasi yangu kule Nyakanazi kwenye tanuru letu. Amesema atanisubiri mpaka mwisho wa Agosti. Baada ya hapo lazima achukue mtu mwingine, peke yake hawezi. Ninachokuomba ni kimoja. Itisha kikao.

Mdogo wako aliye palepale ulipomwacha,
Deodata


Biharamulo,
29 Aprili 2024

Mdogo wangu, marahaba.

Nimechelewa kujibu. Mvua zilipokuja zilikuja na hasira, tanuru liliingia maji, tukapoteza siku nyingi kulikausha. Anneth ni mzima. Aline anakusalimu, ingawa wiki hizi yuko kwao Murusagamba, mama yake hajisikii vizuri. Mimi na Anneth tunapika kwa zamu. Zamu yangu ikifika, Anneth anasema hana njaa.

Nilifuata ulichosema, na nimeona kitu nikatamani ungekuwepo. Kuna mwalimu wa ufundi anaitwa Clever hupita hapa karakana. Yeye na mimi tulifyatua matofali kwa ngazi: la kwanza gao moja la pumba katika magao kumi, la pili mawili, tukapanda hivyo hivyo. Tulipoyachoma tukayalaza kwenye maji ya rangi nyekundu, kesho yake tukayakata kwa msumeno kuona rangi imefika wapi. La kwanza na la pili, rangi imekaa kwenye ngozi tu. La tatu, vidoa viwili vitatu karibu na ukingo. La nne, jekundu lote, mpaka moyoni! Nilidhani rangi ingesogea kidogo kidogo, tofali kwa tofali. Wapi. Ilikuwa imefungiwa nje, halafu mara moja nyumba yote ni yake.

Na upande wangu ni vilevile. La sita na la saba ukiyapima uzito karibu ni sawa, ukifumba macho hujui lipi ni lipi. La sita nilisimama juu yake na viatu vyangu vya kazi. La saba lilimwagika. Kwa hiyo nimeacha kuuliza tofali lina udongo kiasi gani, nauliza udongo wake umefikiana au haujafikiana.

Kuhusu kikao, niliongea na baba mdogo Matiasi. Anasema wazee wamesambaa, barabara ni matope, tungoje kiangazi. Anasema pia kwamba kikao kikikaa, hakiwezi kukuondoa wewe na kuacha pengo. Lazima awepo mtu wa kukaa pale unapokaa. Mama alizaa wengi, tumebaki wawili. Unaona ugumu wake. Kazi zimenibana pia. Tuombe uzima.

Kaka yako anayekukumbuka,
Erasmus


Kirushya,
20 Mei 2024

Kaka, shikamoo.

Hali ya baba ni ile ile. Amepata kidonda nyonga ya kushoto, nakikausha, kinaanza kufunga. Baba mdogo Matiasi ambaye kwako barabara ni matope, Jumapili alikwenda Ngara mjini na kurudi na viatu vipya. Nakupa habari tu.

Nimekosana na wanawake wa hapa, ngoja nikueleze. Walikuja wenyewe kunisaidia kukanda udongo, wakiongozwa na Yuster, jirani yetu, ili kila nyumba ipate chungu cha kuchujia kabla maji ya mtoni hayajachafuka zaidi. Nikawa namgeuza baba, nikawaachia kisado cha kupimia pumba. Vyungu vikakauka, tukachoma. Tulipomimina maji yakapita mbio, jagi linajaa kabla hujakaa vizuri. Wakapiga vigelegele. Mimi nikayamwaga yale maji. Chungu kizuri kinadondosha, kwa saa moja kinakupa lita moja au mbili basi. Maji yenye haraka yanapita na uchafu wake wote.

Nikawaambia wapime tena nikiwa nawatazama. Yuster akajaza kisado, akakitikisa, akashindilia kwa ngumi, akajaza tena mpaka pumba zikasimama mlima juu. Nikachukua kijiti nikausawazisha ule mlima. Kaka, ungeona nyuso zao! "Unatupimia kama wageni?" Yuster aliniuliza. "Mama yako hajawahi kunikatia kisado hata siku moja." Na ni kweli, maharage ya jirani huwezi kuyasawazisha kwa kijiti, ni kumtukana. Wameushika ukarimu wakautia kwenye chungu, na kila konzi ya upendo imefungua njia mpya. Nilivivunja vyote. Sasa hawaji, na nikienda kisimani sina wa kumwachia baba.

Nilipokuwa navunja vile vingine vya zamani, vinene, nilivyochoma peke yangu, niliona katikati ya ukuta pana weusi. Ni pumba ambazo hazikuungua. Udongo ulizizingira pande zote, hewa haikuzifikia, zikakaa ndani ya moto mchana kutwa zikatoka makaa. Nilikaa chini nikavitazama vile vigae. Nimechoka, Erasmus. Nasema kweli yangu, nimechoka mpaka nachukia sauti ya baba akisema "njoo", halafu najichukia mimi.

Umeandika tumebaki wawili. Mimi najua kuhesabu mpaka wawili. Na wifi Aline yuko kwao tangu lini hasa?

Mimi,
Deodata


Kirushya,
14 Julai 2024

Kaka, shikamoo. Sijapata jibu lako. Bukuru anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukaitia mfukoni.

Baba yupo. Kidonda kimefunga. Mimi mzima, mgongo usiuulize.

Ernesta ametuma salamu. Kuna dada mmoja wa Kakonko ameomba nafasi yangu, anajua kuchoma, ni hodari. Ernesta hajamjibu. Atamjibu Agosti ikiisha. Kiangazi unachokingoja kimefika, vumbi linatuingia mpaka kwenye uji.

Sina lingine.

Deodata


Biharamulo,
4 Agosti 2024

Mdogo wangu Deodata,

Marahaba. Anneth mzima, anakwenda shule. Habari nyingine za nyumba yangu naomba usiniulize. Aline hajarudi, na mama yake ni mzima. Hapo nimesema yote nitakayosema.

Bukuru alinipa barua yako ya Julai. Akaniambia jambo ambalo wewe hukuliandika. Anasema wiki mbili nyuma alikukuta umekaa kando ya barabara na begi, asubuhi. Akasimamisha gari, akafungua mlango. Ukamwambia hapana, umekuja tu kulitazama gari. Akakuuliza begi ni la nini, ukasema ni nguo unapeleka kufua. Gari likaondoka, akakutazama kwenye kioo, umekaa vilevile.

Nimelibeba jambo hilo siku kadhaa nikashindwa kufyatua hata tofali moja. Clever akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia naumwa na gari lililoondoka tupu.

Nimekwenda mwenyewe kwa wazee, mmoja mmoja, kwa pikipiki. Baba mdogo Matiasi amekubali, tena kwa kununa. Tunakaa Jumamosi ijayo hapo nyumbani. Usipike, usitengeneze pombe, nitakuja na kila kitu. Nililisema neno lile nimesimama na nitaliondoa nimesimama. Na pengo nimelipatia mtu.

Begi lako lisifunguliwe.

Erasmus


Nyakanazi,
13 Oktoba 2024

Kaka Erasmus, shikamoo.

Nimekaa miezi miwili bila kukuandikia, nikisema nitaandika nikizoea. Sijazoea. Hapa malori yanapiga honi kutwa, harufu ya nyama choma na dizeli, na watu wanakula wamesimama. Ernesta anakusalimu sana. Nyumba za wageni mbili zimechukua vyungu vyetu, wanaviweka mapokezi, abiria wanachota.

Vyungu vinatoka vizuri. Nimejifunza kitu kwa ile rangi yako nyekundu. Nilimimina maji ya rangi kwenye chungu kizima, kisha maji safi, kisha nikakivunja. Ungedhani maji yanapita kwenye matundu yote. Hayapiti! Yanapita kwenye njia chache tu, huko kumeoshwa kweupe. Kwingine kote rangi imebaki, matundu yanayoingilika lakini hayana mlango wa pili, maji yamekaa humo hayaendi popote. Chungu chote kinakunywesha kwa njia hizo chache. Ndiyo maana zikizibwa na tope kidogo tu, chungu kizima kinagoma, na ukikisugua kinaamka.

Bado asubuhi nikiamka mikono inatafuta mtu wa kumgeuza. Juzi nilipakua sahani mbili, Ernesta akacheka, nami nikacheka, halafu nikatoka nje nikalia kwenye rundo la pumba.

Baba anakula kwako? Alikuuliza niko wapi? Uliwezaje kuiacha karakana? Anneth anasoma wapi? Siku ile ulipowaambia wazee, "Pengo ni mimi mwenyewe, nipeni kibuyu," mimi ndiyo kwanza nilikuwa narudi kutoka kisimani. Ulininyang'anya mtungi wa maji kichwani ukaniambia nenda, gari linangoja, na mimi nikaenda kama mwizi.

Nataka kuja Krismasi. Wiki moja tu, nikupokee, upumue. Nimeshamwambia Bukuru aniwekee kiti.

Mdogo wako anayekudai maneno mengi,
Deodata


Kirushya,
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Deodata,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imelainika.

Baba wiki mbili za kwanza hakula kwangu. Nikileta kijiko anafunga mdomo na kutazama mlango. Sasa anakula. Neno "hapana" analiweza vizuri sana kwangu, "njoo" bado hajaniambia. Jana nilimtoa juani, akanishika kidole kwa ule mkono wa kushoto ulio mzima, sikuondoka mpaka jua lilipozama. Anneth alichagua kukaa kwa mama yake Murusagamba. Sikumlazimisha. Karakana anaiendesha Clever, na lile tofali la magao sita wanaliuza hadi Kibondo.

Wanawake wamerudi. Yuster alikuja kuniona nikipambana na nguo za baba, akanionea huruma akaniletea wenzake. Tunafinyanga vyungu. Kisado sijawakatia. Waache washindilie, waweke mlima wao, mimi nimepunguza tu idadi ya visado. Maji yanadondoka kama unavyopenda, na hakuna aliyetukanwa. Umeona? Kaka yako naye ana akili siku mojamoja.

Sasa nisikilize, na usikasirike.

Mkeka wako bado uko pale pale ulipouacha. Nilitaka kuukunja, Yuster akanizuia, akasema wa nini kuukunja, Deodata atarudi tu. Watu wote hapa wanasema hivyo, kwa upole kabisa, wakininyooshea kidole kwa namna ninavyomgeuza baba vibaya. Na wiki iliyopita baba mdogo Matiasi alikuja kuuliza kama kweli unakuja Krismasi. Nikasema nadhani. Akasema vizuri, maana wazee wote watakuwepo, tutakaa kidogo tuzungumze. Ametenga mkungu wa ndizi za kuivisha, ndizi za pombe.

Ukiingia kwenye uwanja huu, baba atasema "njoo". Utakwenda, najua. Utamgeuza vizuri kuliko mimi, atakula vizuri kuliko kwangu, na watu watatazamana. Kibuyu kitazunguka. Watanigeukia mimi niseme hapana, mimi mtoto wa kwanza, na mimi hapa nilipo sina nguvu hiyo. Mgongo unaniuma mahali nisipopajua. Kila gari likipita barabarani natoka nje kulitazama. Nitanyamaza, Deodata. Nitanyamaza nao watanywa, na mimi nitafunga begi langu.

Mwambie Bukuru kile kiti ampe mtu mwingine. Usije.

Erasmus